Harage la Kumi na Moja

Kipindi cha kuchora nilipewa kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka, na huo ndio ukweli wenyewe. Nilifika mwezi wa Januari, mwalimu mgeni kutoka Muheza, na sanduku la bati na kikoti chepesi kisichofaa kitu kwa baridi ile, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kasulu ambako magari yakikwama mvua ikinyesha, watu hawashangai. Mwalimu mkuu akanitazama, akaitazama ratiba ukutani, akasema, "Wewe bado kijana, utachukua na kuchora." Ijumaa, kipindi cha mwisho, darasa la nne, watoto arobaini na wanne. Wenzangu kipindi hicho walikuwa wakikitumia kuwapeleka watoto kufyeka nyasi.

Kumbe hawakujua wamempa nani. Mimi kuchora nakupenda kuliko kula, na mnaonifahamu mnajua kula nako sikuchukii. Kwenye lile sanduku la bati, chini kabisa, nimekifunga ndani ya kanga mbili, nilikuwa na kisanduku cha rangi za maji: vidonge kumi na viwili na brashi tano. Nilikuwa nakionea choyo hata mimi mwenyewe. Nikichora, nachovya ncha ya brashi tu, halafu nakifuta kidonge na kitambaa kama mtoto aliyetoka kuoga.

Ijumaa ya kwanza nikaingia darasani kwa mikogo yote ya mtu wa pwani. Nikaandika ubaoni: Vuli, Masika, Kipupwe, Kiangazi. Nikatangaza kwamba mwaka huu, kila majira, tutachora picha moja ya vitu vya porini na shambani, na mwisho tutazitundika watu waje kuona. Mkono ukanyooshwa.

"Mwalimu, kipupwe ni nini?"

Nikaeleza kwamba ni wakati wa baridi, mvua zikishaisha.

"Mwalimu, hapa baridi ipo tu."

Darasa zima likaangua kicheko. Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai. Chaki ilivunjika mkononi. Nikawakazia macho, wakanyamaza, halafu nikaona meno ya mmoja yakichungulia nyuma ya daftari, nikashindwa, nikacheka na mimi. "Haya, mabingwa," nikawaambia, "semeni nyinyi, mwaka wenu unakwendaje?" Wakasema, wakibishana wenyewe kwa wenyewe kwa Kiha, kisha mmoja ananitafsiria: kuna wakati wa mvua na uyoga, kuna wakati wa nyasi kuungua, kuna wakati wa majani mekundu, halafu wakati wa mbegu. Nikafuta ya kwangu, nikaandika ya kwao.

Tukaanza na uyoga, kwa kuwa mvua zilikuwa zimechachamaa. Karatasi zetu zilikuwa mitihani ya miaka iliyopita, tunachora mgongoni. Brashi tano kwa watoto arobaini na wanne hazitoshi, kwa hiyo wengine walitumia unyoya wa kuku, wengine kijiti kilichotafunwa ncha. Rangi tulitengeneza. Udongo mwekundu ulikuwa bwerere, nyeusi ni masizi ya chungu, njano ni manjano ya kupikia, na ili zishike tukachanganya na utomvu wa mti uliolowekwa. Vidonge vyangu nilivitoa kwa vipindi maalumu, na kwa kuapishana.

Shida ilikuwa kukausha. Picha za rangi ya maji katika mvua za Kasulu! Asubuhi unaikuta bado mbichi, na ikikauka, imeota ukungu. Nikazibeba zote nyumbani nikazitundika kwenye kamba jikoni, juu ya mafiga ya mama mwenye nyumba wangu.

Huyo mama nimweleze sasa, maana habari yote ni yake. Alikuwa mjane wa makamo, mwenye mikono mipana, aliyetoka Burundi zamani akiwa msichana, akaolewa hapa, akazalia hapa, na uraia wake alikuwa nao. Nilipanga kwake chumba kimoja. Kiswahili chake kilikuwa cha kuchagua maneno polepole, na aliniita "Mwarimu" hata nikiwa nimejifunga kanga kifuani nasugua sufuria. Jumapili kanisani, siku nyingine zote shambani. Mimi nikiswali, alikuwa anawafukuza kuku wasipite mbele yangu. Tulipatana sana.

Basi usiku mmoja picha moja ikachomoka kwenye kamba ikatumbukia kwenye chungu cha mboga. Asubuhi ananionyesha karatasi imelainika, rangi zote zimehamia kwenye mchuzi. "Mwarimu," akasema, "picha ya uyoga imekwenda kwa uyoga wenzake." Alicheka mpaka akakaa chini. Zile nyingine zilikauka vizuri, ila zilinuka moshi mwaka mzima.

Mvua zikakatika, nyasi zikakauka, wakati wa kuungua ukafika. Vilima vyote vya kwetu vilikuwa na mabaka meusi, na hapo hatukuhitaji rangi. Tuliokota vijiti vilivyoungua, tukakaa mteremkoni, tukachora vilima kwa mkaa wa vilima hivyohivyo. Watoto walirudi nyuso nyeusi ti, na upepo ukazimalizia picha kwa vumbi. Mwalimu mkuu akasimama mlangoni akauliza, "Hawa wanatoka shule au tanuri?" Nikamjibu kwamba wanatoka kazini. Akaondoka anatikisa kichwa, lakini niliona anatabasamu.

Halafu Septemba. Bado nazikumbuka Septemba za kule. Mvua haijanyesha hata tone, ardhi imepasuka, na miti ya porini inaanza kuwaka: majani mekundu, ya shaba, ya waridi, msitu mzima. Mara ya kwanza nilipouona nilisikitika. Nikawaambia watoto kwa sauti ya msiba, "Tazameni, majani yanakufa." Wakatazamana.

"Mwalimu, yanazaliwa."

Na kweli, ndiyo majani machanga, hutoka mekundu kwanza ndipo yageuke kijani. Aibu niliyoipata! Siku hiyo nilifungua kisanduku changu bila kuapisha mtu. Tulilowesha karatasi kwanza, tukadondosha nyekundu, tukadondosha njano pembeni, tukaacha zitafutane zenyewe. Walipiga kelele kila rangi zilipokutana. Zilitoka picha ambazo mpaka leo nikizifikiria nasikia furaha, nasema kweli.

Nilikuwa nimevimba kichwa, basi. Nilijiona mtu anayejua kutazama. Na ndipo nikafanya nilichofanya.

Ilikuwa Oktoba, mwanzoni. Mawingu yalikuwa yanajikusanya mchana na kutawanyika jioni, watu wameshalima, wanasubiri mvua ya kwanza wapande. Binti wa mama mwenye nyumba alijifungua kule Kibondo, naye akaondoka Jumamosi alfajiri kwenda kumwona mjukuu, akaniachia nyumba na kuku. Mchana nikaingia stoo kutafuta pumba, nikaona kikapu chake cha maharage kimefunikwa vizuri. Nikafunua. Loo! Kila rangi iliyo kwenye kisanduku changu ilikuwa humo, na nyingine sina. Ya njano, mekundu, meupe, ya zambarau yenye michirizi, ya kijivu yenye madoa kama yai la kanga, ya kahawia yenye jicho jeupe. Yote yamechanganyika na majivu kidogo.

Nikajiambia, hii ndiyo picha ya wakati wa mbegu. Nitaichora mwenyewe, niwape watoto mfano. Nikaanza kuchagua moja moja la kila aina. Halafu mkono ukanogewa. Kwetu ukichambua maharage ya mtu, umemsaidia, si ndiyo? Hata sokoni yaliyochambuliwa ndiyo yanayotafutwa. Nikaona huyu mama amechoka, amekosa muda, maharage yake yamechanganyika hovyo. Nikaketi mkekani nikachambua kikapu kizima. Jumamosi mchana kutwa, na Jumapili asubuhi, maana hakuwapo wa kunizuia. Mgongo uliniuma lakini nilikuwa naimba. Nikamaliza na marundo kumi na moja, katika mabakuli, sahani, na vifuniko vya sufuria.

Kumi nikayachora. Kila harage moja, kubwa, karatasi yake, na kivuli chini yake. La kumi na moja lilikuwa dogo, jeusi, halina doa wala mchirizi. Kidonge changu cha nyeusi kilikuwa kimebaki ukucha. Sikutaka kukimalizia kwa kitu kama kile. Rundo lake lenyewe lilikuwa dogo, na nilikuwa na nazi moja niliyoletewa na mwenzangu aliyetoka likizo. Basi yale meusi nikayaloweka, nikayapika na tui.

Mama alirudi jioni, vumbi mpaka kwenye kope, furaha imemjaa. Mjukuu ni wa kiume, mzima, ana sauti kama padri. Nikamnawisha, nikamwekea sahani. Alikula, akaongeza, akafuta sahani kwa kidole.

"Matamu, Mwarimu. Maharage gani haya?"

"Ya kwako, Mama," nikasema, "njoo uone nilichokufanyia." Nikamshika mkono nikampeleka kwenye mabakuli yangu.

Kwanza alicheka. Nasema alicheka, akapiga makofi. "Yoo! Mwarimu! Umekaa siku ngapi?" Akakung'uta mkeka, akaanza kumwaga bakuli hili juu ya lile, anayakoroga kwa viganja, ananieleza kwamba haya yanapandwa pamoja, ndivyo anavyotaka, jua likizidi haya yanavumilia, wadudu wakija yale hawayapendi. Mimi nimeduwaa, kazi yangu ya siku mbili inapotea mbele ya macho. Halafu mikono yake ikapunguza mwendo. Akapekua rundo. Akatazama mabakuli matupu, moja moja.

"Yako wapi yale madogo? Meusi?"

Macho yangu yakakimbilia sahani yake kule mlangoni. Ya kwake yakafuata. Nikatamani ardhi inimeze.

Alikaa chini. Akasema, polepole, kwa Kiswahili chake cha kuchagua maneno: "Mvua ikizidi, haya yote yanaoza. Hayo madogo hayaozi. Mwaka mmoja tulikula hayo tu, mimi na watoto. Mama yangu alinifungia kwenye nguo nilipotoka kule. Haya mengine nimepata hapa na hapa. Hayo ndiyo ya mama." Akakoroga maharage mara moja tena, kama mtu anayepoza uji, akanyanyuka akaenda kulala.

Na tangu asubuhi ile, akaninyima Kiswahili.

Hakunigombeza. Hakunifukuza. Maji ya kuoga aliniwekea, chai alinimiminia, lakini kila neno likawa Kirundi. Nikimsalimu, ananijibu Kirundi. Nikimwomba radhi, anasema jambo refu la upole kwa Kirundi, sielewi hata nusu, anaendelea na kazi. Hujui lugha ni nini mpaka mtu akufungie. Nilikuwa naishi nyumba moja na mtu niliyempenda, na nimebaki nje.

Nami, kwa tabia yangu, kwanza nilikasirika. Nikamwambia mwalimu mwenzangu, mzaliwa wa hapohapo, "Jamani, maharage si maharage! Nimetaka kumlipia kikapu kizima, hataki hata kusikia." Alikuwa anakunywa uji. Akaweka kikombe chini.

"Umekula mbegu ya mtu?"

"Nimepika. Na yeye amekula."

"Ukampikia mbegu yake mwenyewe?" Akanitazama kwa namna ambayo hasira yote iliniporomoka. Akaniambia nitafute ile mbegu, na niitafute haraka, kwa maana mvua ikishika na shamba halijapandwa, hakuna radhi itakayosaidia. Kuuziwa nisitegemee.

Hata hivyo, Jumatano nikaomba ruhusa nikapanda lori kwenda Kasulu sokoni. Nilipita wauzaji wote. Maharage yalikuwa ya njano peke yake, mekundu peke yake, yamechambuliwa yanang'aa, kama nilivyopenda mimi. Ya kwangu meusi, hakuna. "Nani atanunua hayo, Mwalimu?" mama mmoja akaniuliza. "Hayo watu wanakula kwao." Nikarudi mikono mitupu, magari yanayohudumia wakimbizi yanatupita kwenda Kibondo na kutuachia vumbi. Mawingu hayakutawanyika jioni ile.

Wanakula kwao. Njia nzima maneno hayo yalinizunguka kichwani, na kabla sijashuka nilikuwa nimejua la kufanya. Nina watoto arobaini na wanne, na kila mmoja ana kwao.

Ijumaa sikungoja. Kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, Alhamisi hiyohiyo nikachukua vipindi viwili. Nikawaambia watoto wakimbie nyumbani wakati wa mapumziko wakawaombe mama zao harage moja moja la kila aina linalopandwa nyumbani, moja tu, na litarudishwa. "Hata lile baya kuliko yote," nikasema. "Hasa lile baya." Kila harage lichorwe kubwa lijae karatasi, jicho lake lionekane, rangi yake isiongopewe. Na nikaweka kisanduku changu mezani, wazi, bila masharti.

Hamjaona kazi kama ile. Ulimi nje, pua juu ya karatasi. Mmoja alilia kwa sababu zambarau yake haikufanana, tukachanganya mara sita mpaka ikafanana. Mwingine aligundua kwamba jicho la harage lina vidoti viwili pembeni, akatangaza darasa zima, wote wakageuza maharage yao kutazama. Nami nikageuza langu. Miezi yote ile nikijiita mwalimu wa kuchora, na vidoti vile sikuwa nimeviona. Kidonge cha nyeusi kiliisha kabisa siku ile, tukamalizia na masizi.

Tukatundika picha kwenye kamba za katani, ukuta wote wa nje wa darasa, zikazunguka na kona. Nikazipitia. Meusi yalikuwa matano, kutoka nyumba tano, na hapo nikakwama. Lipi? Moja refu kidogo, moja bapa, moja lina wekundu ukilitazama juani. Nililoloweka, nikalipika, nikalila, sikuwa nimelitazama. Sikujua sura yake.

Jioni nikamkuta mama anapura uwele wake wa mwisho. Nikapiga magoti kwenye makapi. "Mama," nikasema, "kuna picha shuleni. Sijui kuzisoma. Njoo unisomee." Akasema neno moja kwa Kirundi, sikulielewa, akaendelea kupura.

Asubuhi ya Ijumaa niliwakuta kina mama shuleni kabla ya kengele. Nani aliwaita? Watoto. Wamekuja kuhakikisha maharage yao hayakuaibishwa. Walikuwa wamejaa ukutani, majembe begani, wanaonyeshana, wanacheka. "Hili langu mbona limenenepa hivi?" "Wewe, hili si la kwenu, hili ulilipata kwangu." Mmoja alimwita mwanawe akamfokea kwamba amesahau mchirizi, na kweli mchirizi ulikuwa umesahauliwa, mtoto akakimbilia brashi. Mwalimu mkuu alisimama katikati yao mikono nyuma, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mikutano ya wazazi haijawahi kupata watu hivi.

Na mama mwenye nyumba akaja. Kwa nyuma, peke yake, ameshika jembe.

Hakunitazama. Alianza mwanzo wa kamba, akaenda picha moja baada ya nyingine, taratibu, kina mama wakampisha. Nilimfuata hatua mbili nyuma. Alikuwa anazungumza nazo. Mwenzangu yule mzaliwa alinisogelea akawa ananitafsiria sikioni: "Anasema hili linaiva upesi lakini lina uvivu. Hili limetoka Mabamba. Hili ni tamu, panya nao wanalijua." Akapita jeusi la kwanza bila kusimama. La pili akalitikisia kichwa, oya, yaani hapana. Akakata kona. La tatu, oya. Mvua ya mbali ilianza kunguruma upande wa mpaka, na kina mama wakaanza kutazama juu.

Kwenye jeusi la nne akasimama. Ilikuwa picha ya mtoto wa kike mkimya, anayekaa mstari wa nyuma, ambaye mwaka mzima sikumbuki kama alininyooshea mkono. Lile lenye wekundu ukilitazama juani. Mama akasogeza uso karibu, akanyoosha kidole, akakirudisha kabla hakijagusa. Halafu akaweka jembe chini na kushika mdomo.

Mama wa yule mtoto alikuwa hatua chache tu pembeni, mwanamke mwembamba mwenye mtoto mchanga mgongoni. Alikuja. Wakaongea kwa haraka, sikupata kitu. Tukaondoka wote kufuata njia ya bondeni mpaka kwake, mama, yeye, mwanawe, na mimi mkosaji nyuma, kipindi cha kwanza nimekiacha kwa mwenzangu. Akaingia ndani akatoka na kibuyu. Mama akakinga kitambaa. Yakamwagika madogo, meusi, mara mbili ya nilichopika, na juani kweli yalikuwa na wekundu.

Mama akaanza kushukuru, yule mwanamke akamkatiza. Na akasema kwa Kiswahili, nadhani kwa ajili yangu, ili nami nisikie.

"Mama, usinishukuru. Hii ni yako. Mwaka ule nyumba yetu ilipoungua na ghala, ulikuja na kikombe. Ulisema hii haiozi."

Mama alimtazama sana. "Mimi?"

"Wewe."

"Sikumbuki."

"Utakumbuka vipi? Tulikuwa wengi uliotupa."

Mama mwenye nyumba wangu, ambaye sijamwona akilia hata siku ya kumbukumbu ya mumewe, alikaa kizingitini kwa watu na kulia kama mtoto, na huku anacheka, kitambaa cha mbegu amekikumbatia. Yule mwanamke naye akaanza. Mtoto wa kike akatutazama watu wazima watatu, maana nami nilishaanza zamani, akaamua kwenda kuanua nguo.

Mama akajifuta uso kwa kiganja. Akanigeukia, na baada ya siku tano, akanirudishia Kiswahili.

"Mwarimu, umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Basi hilo nalo kachore."

"Siwezi, Mama. Hilo siliwezi."

Akanitazama, akaona nasema kweli. "Basi beba mbegu," akasema, akanitia kitambaa mikononi, "mvua hiyo." Na matone ya kwanza, makubwa, yakaanza kupiga vumbi, na mama mzima yule akakimbia mbele yangu kuelekea shambani, nami nyuma na viatu vyangu vya shule, nimezikumbatia mbegu tumboni zisilowe kabla ya wakati wake.